Mgodi wa Makaa Uchorwe Kuanzia Baharini

Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yalianza kuchimbwa mwaka 2011 na Tancoal, kampuni ya ubia kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na mwekezaji kutoka Australia. Maji yatokayo kwenye mashimo yale hushuka hadi mto Ruhuhu na kuingia Ziwa Nyasa. Makaa yenyewe huelekea upande wa pili kabisa: hupakiwa kwenye malori, hupita Songea, Tunduru na Masasi, na mengi huishia Mtwara, ama katika kiwanda cha saruji cha Dangote ama melini. Mgodi mmoja unagusa ziwa na bahari. Mpango unaokomea kwenye vigingi vya leseni umeiacha nje nusu ya kazi.

Kwa hiyo ninapomshauri mtu anayepanga mgodi kusini mwa Tanzania, namwambia aanzie gatini, kisha arudi nyuma hadi shimoni.

Gatini, adui wa kwanza ni upepo. Kusi na kaskazi hazipeleki vumbi mahali pamoja, na tathmini ya athari kwa mazingira iliyopima hewa kwa wiki chache za msimu mmoja haimwambii mkazi wa Mtwara lolote kuhusu miezi iliyobaki. Pima misimu yote miwili kabla tani ya kwanza haijashushwa, ili baadaye pasiwe na ubishi juu ya hali ilivyokuwa. Lundo liwe fupi, lishindiliwe, linyunyiziwe maji na kuzungushiwa ukuta wa kukinga upepo. Kushindilia kuna sababu nyingine pia: makaa yakipata hewa ndani ya lundo hujipasha moto yenyewe, na yakikaa muda mrefu yanaweza kuwaka bila kiberiti. Panga zamu ya kupakia ili yaliyotangulia kufika yatangulie kuondoka, na joto la ndani ya lundo lipimwe mara kwa mara, hasa meli inapochelewa.

Maji ya mvua yanayopita kwenye lundo yasiachwe yateremke baharini. Yachimbiwe mitaro ya kuyapeleka kwenye bwawa la kutuamishia tope, na bwawa hilo lipimwe kwa mvua kubwa za masika. Unga wa makaa ukitanda majini huzuia mwanga usifikie matumbawe na majani ya bahari, na hapo ndipo samaki wanapozalia na ndipo akina mama wanapochokoa pweza wakati wa bamvua. Kusini mashariki mwa mji kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye kilomita za mraba zipatazo 650 za bahari, visiwa, mikoko na vijiji vya watu. Mpangaji akae na wavuvi wa maeneo haya kabla ya kuchora ramani. Wao ndio wanaojua mkondo unakwenda wapi katika mwezi gani.

Kuna na korosho. Msimu wake ukianza Oktoba, hutaka gati, maghala na malori yale yale. Korosho ni chakula. Lori lililoshusha makaa lisiguse gunia la korosho kabla ya kuoshwa vizuri, na ratiba za meli za mizigo hii miwili zipangwe pamoja mapema. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari (TPA) imepanga bandari ya mizigo michafu huko Kisiwa Mgao, na naiona kuwa hatua nzuri. Lakini Mgao nako kuna wavuvi, na vumbi halipungui kwa kuhamishwa. Kila nilichokisema hapo juu kinahitajika huko pia.

Sasa barabara. Hesabu hii ifanywe mbele ya madiwani wa wilaya zote za njiani: meli ya tani 60,000 ikijazwa kwa malori ya tani 30, ni safari 2,000, kila moja zaidi ya kilomita 700 kwenda tu. Turubai lifungwe mgodini na likaguliwe njiani. Malori yasiende msururu, na vituo vya kupumzikia viwe mbali na shule. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay imo kwenye mipango ya taifa, lakini mgodi usihesabu treni ambayo reli yake haijajengwa.

Shimoni, tatizo zito ni maji. Miamba inayofunika makaa mara nyingi huwa na madini ya salfa, nayo yakikutana na hewa na mvua hutoa asidi inayoyeyusha metali na kuyageuza maji ya vijito kuwa na rangi ya kutu. Eneo la Witbank nchini Afrika Kusini limeteseka hivyo miaka mingi baada ya baadhi ya migodi kuachwa. Njia ya kuepuka ni kupima miamba wakati wa kuchoronga, wala si baada ya kuona maji yamebadilika. Miamba yenye salfa izikwe ndani kabisa ya shimo, ifunikwe kwa udongo wa mfinyanzi. Udongo wa juu utengwe peke yake tangu siku ya kwanza, maana ndio utakaootesha miti baadaye. Fukia sehemu iliyokwisha kuchimbwa huku ukifungua nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka ukanda wa hifadhi wa mita 60 kutoka kingo za mto. Katika miteremko ya Mbinga ningeacha zaidi.

Kuhusu watu, jirani zetu wametufundisha. Huko Moatize, Msumbiji, zaidi ya familia 1,300 zilihamishwa kupisha mgodi wa Vale, na Januari 2012 waliopelekwa Cateme wakafunga reli ya makaa wakidai ardhi inayolimika na nyumba imara. Fidia ilipwe kabla ya tingatinga kuingia, na shamba jipya likaguliwe na wakulima wenyewe wakati wa kiangazi, maji yanapokuwa haba.

Mwisho ni fedha za kufunga mgodi. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei, na meli zikaja Mtwara kubeba makaa hadi Ulaya. Bei ile haikudumu. Uingereza, iliyojengwa kwa makaa, ilizima kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa Septemba 30, 2024. Mgodi ukitegemea mapato ya miaka ya mwishoni kufukia mashimo, huenda miaka hiyo isifike. Dhamana ya ukarabati iwekwe tangu mwanzo, ipandishwe kila eneo lililofunguliwa linapoongezeka, na gharama zake zikadiriwe kana kwamba kazi itafanywa na mkandarasi mwingine baada ya kampuni kuondoka. Halmashauri na serikali ya kijiji wapewe nakala ya hesabu hizo kwa Kiswahili, zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila mwaka, pamoja na vipimo vya maji na vumbi vya mwaka uliopita.