Mlango wa Kihindi wa Nakshi: Ukague Kabla Hujalipa

Muuzaji akikuambia mlango wake umetoka India mwaka jana na una umri wa miaka 150, mawili: ama ameuongezea umri, ama anakuuzia magendo. Kwa sheria ya India ya mwaka 1972, kazi ya sanaa iliyotimiza miaka 100 ni mali kale, na mtu binafsi haruhusiwi kuitoa nje ya nchi. Kwa mlango ambao haujafika umri huo, idara ya mambo ya kale ya India, Archaeological Survey of India, hutoa cheti kwamba si mali kale. Omba kukiona. Mlango ulioondoka India enzi za mababu nao hauna budi kuwa na karatasi za kueleza umefikaje hapo ulipo.

Milango mingi iliyobaki sokoni basi ni ya umri wa kati, au mipya kabisa, iliyochongwa Jodhpur, India, na kupakwa uzee. Si vibaya kununua mpya. Vibaya ni kulipia mpya kwa bei ya kale.

Wala usidhani njia ya mkato ni kung'oa wa kwetu. Milango ya Kigujarati yenye paneli za mraba ipo tele Mji Mkongwe, Unguja, kwa sababu wafanyabiashara na mafundi wa Kihindi waliishi humo. Lakini sheria za mambo ya kale za nchi zetu zinaitaja milango ya nakshi waziwazi: Tanzania Bara inalinda iliyochongwa kabla ya 1940, Kenya kabla ya 1946. Kuisafirisha nje bila kibali ni kosa.

Ukaguzi uanzie mgongoni. Mbele ndiko muuzaji alikopiga rangi. Nyuma hakuna aliyehangaika nako. Mbao zilizochongwa kwa tezo huwa na mawimbi yasiyolingana, unayahisi kwa kiganja. Ukiona mikwaruzo ya upinde inayofuatana sawasawa, hiyo ni alama ya msumeno wa mviringo wa mashine. Tazama misumari: ya mhunzi haifanani, kila kichwa kina sura yake. Skrubu ya msalaba ikiwa imeshika nakshi, uliza ilifika lini. Kisha lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti, ufute pembeni pasipoonekana. Weusi ukihamia kitambaani, huenda uzee huo umetoka kwenye kopo.

Mlango wa kweli umechakaa pale mikono na miguu ilipopita: kizingiti kimelika katikati, mbao zimeng'aa karibu na komeo. Uliochakaa sawasawa kila mahali umepigwa msasa. Angalia pia kama fremu na mbao ni za ukoo mmoja, kwa sababu kuoanisha fremu kuukuu na mbao mpya ni biashara ya kawaida. Chomachoma sehemu za chini kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama, au ukiona unga mbichi wa bungua sakafuni, ondoka.

Nakshi nayo isome. Milango ya Chettinad, kusini mwa India, ilichongwa kwa msaji wa Burma kwa ajili ya majumba ya matajiri waliofanya biashara huko. Juu ya mlango mara nyingi ameketi mungu wa kike Lakshmi kati ya tembo wawili. Kwenye milango mingine ya Kihindu utamkuta mungu Ganesha. Hizo ni sanamu za ibada. Kama nyumba yako haizitaki, tafuta yenye maua na majani, nayo ni mingi. Kuna wanaougeuza mlango wenye sanamu kuwa meza ya sebuleni na kumpandishia Ganesha miguu. Mimi naona ni utovu wa adabu kwa watu wa dini nyingine.

Kabla ya kumwita mwashi, pima. Milango mingi ya zamani ni mifupi, mtu huinama kupita. Mingi pia haina bawaba: kila ubao una ncha juu na chini, nazo huzunguka ndani ya matundu ya fremu. Kwa hiyo nunua na fremu yake, au ujue fundi atakuwa na kazi ya ziada. Uzito wa ukuta ubebwe na linta ya zege, fremu isibebeshwe kitu. Mlango uliotoka Rajasthan, kwenye ukavu, ukifika Mombasa utavimba. Uache ndani ya nyumba wiki kadhaa kabla ya kuufunga, na fundi aache nafasi pembezoni.

Rangi ya zamani ya buluu au kijani iliyobanduka inapendeza, lakini huenda ina madini ya risasi. Usiipige msasa mkavu, hasa penye watoto. Futa vumbi kwa brashi laini, kisha paka mafuta ya kitani kidogo kidogo. Vitambaa ulivyopakia visirundikwe stoo, maana hujipasha moto na kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke. Kitasa cha kisasa, ukikihitaji, kifungwe upande wa nyuma, patasi isiguse nakshi.