Maji ya Bomba na Maji ya Chupa: Usalama wa Maji ya Kunywa Nyumbani

Maji salama ya kunywa ni yale yasiyo na vimelea vya magonjwa, wala kemikali kwa kiwango kinachoweza kumdhuru mnywaji hata akiyatumia kila siku maishani mwake. Ufafanuzi huu hautaji rangi, ladha wala chombo, kwa kuwa maji maangavu na matamu yanaweza kubeba vimelea vya kipindupindu, ilhali maji yenye harufu kidogo ya dawa yakawa salama kabisa. Katika miji ya Tanzania, na hasa Dar es Salaam, kaya nyingi huamini kwamba maji ya chupa ni safi kwa sababu yamefungwa na kununuliwa dukani, na kwamba maji ya bomba yanafaa kufulia na kuoshea vyombo tu. Imani hiyo huzigharimu familia fedha nyingi, na wakati mwingine huzigharimu afya pia, kwa sababu huelekeza macho kwenye chombo yalimouzwa maji badala ya kuyaelekeza kwenye njia ambayo maji hayo yamepita hadi kufika kinywani.

Njia ya maji ya bomba

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, nayo husafishwa katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini mkoani Pwani kabla ya kusukumwa kwa mabomba hadi jijini. Maji ya mto yanaposafishwa, kwa kawaida hutiwa kwanza kemikali inayofanya kazi kama shabu, ambayo huzifanya chembe za udongo zilizo ndogo mno kutua zenyewe zishikamane na kuzama. Kisha hupitishwa katika tabaka za mchanga, na mwishowe hutiwa klorini. Klorini ina kazi mbili ambazo ni lazima zitofautishwe. Kwanza, huua bakteria na virusi vilivyomo katika maji wakati huo. Pili, kiasi chake hubaki majini na kuendelea kuyalinda yanaposafiri, na kiasi hicho huitwa klorini ya akiba. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba maji yanapomfikia mtumiaji yawe bado na klorini ya akiba isiyopungua miligramu 0.2 kwa kila lita. Kwa hiyo ile harufu ya dawa inayowafanya watu wengi wayakatae maji ya bomba ndiyo dalili kwamba ulinzi wake haujaisha, na maji yaliyopaswa kuwa nayo lakini yamefika bila hiyo ndiyo yanayostahili kutiliwa shaka.

Hatari huingia njiani. Wakati wa mgao, pampu zinapozimwa, msukumo ndani ya bomba hushuka, na bomba lenye ufa lililopita kwenye mtaro au karibu na shimo la choo huvuta maji machafu yaliyolizunguka. Maji yanaporudi, ya kwanza kutoka huwa na tope na kutu, na huenda yana kinyesi pia, kwa hiyo yanafaa kukingwa kando kwa ajili ya choo au bustani hadi yatoke maangavu, na hata hapo hayafai kunywewa kabla ya kutibiwa. Hatari nyingine, ambayo kaya nyingi huisahau, imo ndani ya uzio wa nyumba. Klorini hupungua kadiri maji yanavyokaa, hivyo simtanki lisilosafishwa kwa miezi mingi, ambalo mfuniko wake umepasuka na chini yake kumetanda utelezi, hugeuza maji yaliyofika salama kuwa makazi ya vijidudu. Baada ya hapo huja ndoo ya jikoni, ambamo kila mtu huchota kwa kikombe na vidole vyake huzama majini. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi zinazoendelea umeonyesha kwamba maji yaliyochotwa yakiwa safi mara nyingi hukutwa yamechafuka baada ya kuhifadhiwa nyumbani. Kipimo kinachotumika zaidi katika uchunguzi wa aina hiyo ni bakteria aitwaye E. coli, anayeishi katika utumbo wa binadamu na wanyama. Akipatikana majini, ni ushahidi kwamba kinyesi kimeingia, na ndiyo maana viwango vya maji ya kunywa haviruhusu apatikane hata mmoja katika mililita 100.

Kilichomo ndani ya chupa

Maji ya chupa nayo huanzia mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni kisima kirefu au bomba lilelile la mjini. Kiwandani huchujwa, na viwanda vingi huyapitisha katika utando wenye matundu madogo mno, unaozuia chumvi pamoja na vijidudu, kisha huyatibu kwa miale ya urujuanimno au kwa gesi ya ozoni. Kazi hiyo ikifanywa kwa uangalifu, maji hutoka safi sana. Hata hivyo, ozoni huvunjika na kutoweka baada ya muda mfupi, na miale haibaki majini, kwa hiyo maji ya chupa kwa kawaida hayana mlinzi anayefanana na klorini ya akiba. Chupa iliyofunguliwa asubuhi, ikanywewa kwa mdomo na watu watatu na kuachwa mezani hadi jioni, haina usalama wowote unaotokana na kiwanda. Ndivyo ilivyo pia kwa chupa kubwa za lita 20 zinazopachikwa kwenye mashine za maji maofisini na majumbani: koki na hifadhi ya ndani ya mashine huota utelezi wa vijidudu zisiposafishwa mara kwa mara, na utelezi huo hauonekani kwa mnywaji.

Tangu mwaka 2019, udhibiti wa usalama wa chakula Tanzania Bara, yakiwemo maji yanayofungashwa, umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Mnunuzi anapaswa kutafuta alama ya ubora ya shirika hilo, jina la mtengenezaji na mahali alipo, namba ya toleo, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kisha na aangalie pete ya plastiki iliyo chini ya kifuniko, ambayo hukatika chupa inapofunguliwa mara ya kwanza. Pete iliyokatika au kifuniko kinachozunguka bila ukinzani ni sababu tosha ya kuirudisha chupa. Wapo watu wanaookota chupa tupu, wakazijaza maji yasiyotibiwa na kuziuza upya, na njia rahisi ya kuwanyima mali ghafi ni kuiponda chupa kabla ya kuitupa. Maji yanayofungwa kwa mkono katika mifuko laini na kuuzwa stendi na barabarani hayana hata dalili hizo za kukaguliwa, na hayafai kunywewa.

Kuhusu plastiki yenyewe, watafiti wa Marekani walitangaza mwaka 2024 kwamba walihesabu kwa wastani vipande vipatavyo 240,000 vya plastiki, vingi vikiwa vidogo kupita kiasi, katika kila lita ya maji ya chupa waliyoyapima. Madhara yake kwa mwili wa binadamu hayajathibitishwa, na hofu ya plastiki haipaswi kumfanya mtu anywe maji yenye vimelea. Inatosha chupa zisianikwe juani wala kuachwa ndani ya gari lililofungwa, kwa kuwa joto huongeza kiasi cha kemikali kinachotoka kwenye plastiki kuingia majini.

Mahali ambapo kuchemsha hakusaidii

Katika maeneo ya Arusha, Kilimanjaro na mikoa mingine iliyopitiwa na Bonde la Ufa, maji ya visima na chemchemi nyingi hubeba madini ya floraidi yanayotoka katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya kuzunguka Mlima Meru hukizidi mara kadhaa. Mtoto anayeyanywa maji hayo katika miaka ambayo meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi huota meno ya kahawia, na kiasi kikubwa zaidi kikiendelea kwa miaka mingi hukakamaza viungo na kupindisha mifupa. Kuchemsha hakuondoi floraidi, bali huizidisha kidogo kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke. Klorini nayo haiigusi. Kwa kaya za huko, maji ya chupa ambayo lebo yake inaonyesha floraidi chini ya miligramu 1.5 yana faida ya kweli, hasa kwa watoto wadogo, ingawa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi, yakahifadhiwa na kutibiwa, hutoa nafuu hiyohiyo kwa gharama ndogo zaidi. Ipo pia njia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo imefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Ikumbukwe kwamba magadi yanayotumika kulainisha maharage na makande katika maeneo hayo huweza kuwa na floraidi nyingi, hivyo kubadili maji ya kunywa bila kuacha magadi ni kufanya nusu ya kazi.

Kutibu na kuhifadhi

Fedha inayonunua chupa chache za lita moja na nusu hulipia uniti nzima ya maji ya bomba, yaani lita 1,000, na tofauti hiyo inatosha kugharimia matibabu ya maji kwa familia kwa muda mrefu. Njia ya uhakika zaidi dhidi ya vimelea ni kuchemsha hadi maji yatokote kwa nguvu kwa dakika moja, au dakika tatu katika nyanda za juu zinazozidi meta 2,000. Mahali ambapo mkaa ni ghali, vidonge au dawa ya maji yenye klorini hufaa, mradi maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kipimo kilichoandikwa kifuatwe, na maji yaachwe kwa dakika 30 kabla ya kunywewa. Klorini ina udhaifu mmoja: haimuui kirahisi kimelea aitwaye kriptosporidiamu, anayesababisha kuharisha kwa muda mrefu kwa watu ambao kinga yao ya mwili imeshuka, wakiwemo wanaoishi na VVU wasiopata matibabu, na kwa hao kuchemsha ndiko kunakofaa.

Maji yaliyotibiwa huhifadhiwa katika chombo chenye mfuniko na mdomo mwembamba, au ndoo yenye koki, ili mkono usiyafikie. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji ya bomba wala ya chupa, hata wakati wa joto, kwa sababu maziwa ya mama yana maji yote anayoyahitaji.

Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi na kuwapata watu zaidi ya 20,000. Panapotokea mlipuko wa aina hiyo, maji ya kunywa, ya kusukutulia, ya kuoshea matunda na ya kutengenezea barafu yatibiwe yote bila kujali yametoka bomba lipi, na anayeanza kuharisha majimaji apewe mara moja chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini iliyochanganywa katika lita moja ya maji yaliyotibiwa, huku akipelekwa kituo cha afya bila kusubiri kuona kama hali itatulia.