USIMUUZIE MTEJA "KLACHI LAINI" KABLA HUJAJUA NAMBA MBILI

Somo la leo ni la wanaouza spea za pikipiki mtandaoni, hasa mnaopokea oda za zile pikipiki kubwa za safari. Wateja wake ni wachache, ila spea zake ni ghali. Mzigo mmoja ukirudishwa, faida ya mwezi mzima imeondoka.

Meseji yenyewe huwa hivi: "Habari mkuu. Klachi yangu nzito sana, kwenye foleni mkono unauma. Una kitu cha kuilainisha?"

Muuzaji mwenye haraka anatuma picha na bei hapo hapo. Wewe subiri kwanza. Kitu cha kuilainisha kipo kweli, lakini ulaini wa klachi una gharama yake, na mteja asipoambiwa mapema atakuja kukulaumu wewe.

KLACHI YA MAFUTA INAFANYAJE KAZI?

Bodaboda nyingi tunazoziona barabarani klachi yake ni ya waya. Honda ST1300, Yamaha FJR1300 na Kawasaki GTR1400 zinatumia mafuta.

Kwenye usukani kuna pampu ya juu, mafundi wanaiita masta. Ukibana mkono wa klachi, pistoni ya pampu hiyo inasukuma mafuta kwenye paipu mpaka pampu ya chini iliyoko kwenye injini. Pistoni ya chini nayo inasukuma, pleti za klachi zinaachana, unabadilisha gia.

Sasa zile namba mbili ni hizi: kipenyo cha pistoni ya juu na kipenyo cha pistoni ya chini. Ukitaka mkono uwe laini, unaweka pistoni ndogo zaidi juu, au kubwa zaidi chini.

HESABU YAKE, CHUKUA KALKULETA

Tuseme pampu ya chini ina pistoni ya milimita 28, na mteja anataka ya 30.

28 × 28 = 784
30 × 30 = 900
784 ÷ 900 = 0.87

Maana yake mkono utabanwa kwa asilimia 87 ya nguvu ya zamani. Umepunguza asilimia 13. Mteja anafurahi.

Lakini mafuta yanayotoka juu ni yale yale, na sasa yanajaza nafasi kubwa zaidi. Kama pistoni ya chini ilikuwa inasogea milimita 2, sasa itasogea 1.74 tu. Nguvu imepungua asilimia 13, na mwendo nao umepungua asilimia 13. Hapo ndipo gharama ya ulaini ilipo.

Ukibadilisha juu ni hivyo hivyo. Kutoka milimita 14 kwenda 13, ni 169 ÷ 196, unapata 0.86.

Sasa mteja mwingine anataka zote mbili kwa pamoja. 0.87 × 0.86 ni kama 0.75. Mkono umekuwa laini kwa robo nzima, ila ule mwendo wa milimita 2 umebaki 1.5. Kwenye pikipiki nyingine pleti hazitaachana vizuri. Gia zitaingia kwa kelele, frii itatafutwa kwa shida, na kwenye taa pikipiki itakuwa inajivuta mbele huku klachi imebanwa mpaka mwisho. Hii ni mashine ya zaidi ya kilo 250, na mbele yake kuna mtu anavuka barabara. Ndiyo maana nasema hili si jambo la kuuza kwa kubahatisha.

MASWALI MANNE KABLA YA KUTAJA BEI

1. Pikipiki gani, ya mwaka gani?
Jina peke yake halitoshi. FJR1300, kwa mfano, ilibadilishwa klachi yenyewe mwaka 2016 ikawekewa aina inayosaidia mkono kutoka ndani ya injini. Mteja wa pikipiki ya kabla ya hapo na wa baada ya hapo hawana shida moja.

2. Imekuwa nzito tangu uinunue, au imeanza siku hizi?
Swali hili linaokoa pesa za watu. Kama zamani ilikuwa laini, huyo hahitaji pampu mpya, anahitaji sevisi. Pini ya mkono wa klachi imekauka grisi, au bushi yake imelika, au mafuta ni ya miaka na pistoni inakwama. Muuzie mafuta na sili, mwelekeze kwa fundi. Utapata faida ndogo leo, lakini huyo atarudi kununua tena.

3. Klachi inaachia wapi?
Mwambie abane taratibu, aone pikipiki inaachia mkono ukiwa wapi. Kama inaachia mapema na mkono bado una nafasi kubwa kufika kwenye mpira wa usukani, mwendo wa kupunguza upo. Kama inaachia mkono ukiwa karibu kugusa mpira, usimuuzie chochote cha kupunguza mwendo. Mwambie ukweli.

4. Nitumie picha mbili: chini ya pampu ya juu, na mfuniko wa kikopo cha mafuta.
Chini ya pampu mara nyingi kuna namba imeandikwa kwenye chuma: 14, au 1/2, au 5/8. Hizo za sehemu ni inchi: 1/2 ni milimita 12.7, na 5/8 ni kama 15.9. Pampu ya chini mara nyingi inabidi ifunguliwe na fundi aipime kwa venia. Mfuniko nao unaonyesha aina ya mafuta, na hapo usichezee kabisa.

MAFUTA YASICHANGANYWE

Nyingi zinatumia mafuta ya breki, DOT 4. Nyingine zinatumia mafuta ya madini, mfano KTM 990 Adventure yenye klachi ya Magura. Sili za mfumo mmoja haziwezi mafuta ya mfumo mwingine. Zinavimba, zinaharibika, klachi inakufa njiani. Kwa hiyo kwenye tangazo la pampu yoyote andika aina ya mafuta. Na mkumbushe mteja kwamba DOT 4 ikidondokea rangi ya tangi inaibabua.

VITU VIWILI VINAVYOUZWA KWA MANENO MATAMU

Mikono mifupi ya rangi rangi. Inapendeza, inauzika, lakini kuiita "inalainisha klachi" si kweli. Kidole kikibana sentimita 10 kutoka kwenye pini, halafu ukaweka mkono mfupi kidole kikabana sentimita 8, nguvu inaongezeka asilimia 25. Iuze kama urembo.

Springi laini za klachi. Hizi kweli zinapunguza uzito wa mkono, lakini springi ndizo zinazobana pleti. Pikipiki ya safari inabeba mabegi na abiria. Kwenye mlima injini itapiga kelele na mwendo hauongezeki, pleti zinateleza na kuungua. Usizipendekeze ili tu oda isikupotee.

ANDIKA TANGAZO HIVI

Acha: "Klachi laini kama siagi! Inafaa pikipiki zote!"

Andika: "Pampu ya chini ya klachi, pistoni milimita 30. Kwa pikipiki yenye pampu ya milimita 28 inapunguza nguvu ya mkono kwa kama asilimia 13, na mwendo unapungua kiasi hicho hicho. Mafuta DOT 4. Tuma modeli, mwaka na picha kabla ya kulipa."

Tangazo la pili litapata meseji chache, ila wanaokuja wanajua wanachonunua.

MZIGO UKIFIKA

Weka kwenye bei washa mpya za shaba za ile bolti ya paipu na chupa ya mafuta mapya. Fundi akifunga, lazima atoe upepo wote, maana upepo ukibaki mwendo unapungua zaidi na wewe ndiye utakayelaumiwa.

Kabla hajaingia barabarani ajaribu hivi: injini imezimwa, gurudumu la nyuma limeinuliwa, gia imewekwa, klachi imebanwa. Azungushe gurudumu kwa mkono. Likigoma, pleti haziachani, asiendeshe.

Sera ya kurudisha mzigo iandike kabla ya kupokea pesa: pampu ambayo haijaingia mafuta inarudi, iliyoingia mafuta hairudi. Ukishayauliza yale maswali manne, hutaitumia mara nyingi.

Na kama umejibiwa yote ukaona kitu chako hakimfai, mwambie "ndugu yangu, hiki hakitakusaidia." Waendesha pikipiki za safari wanajuana, wana magrupu yao. Jina la muuzaji mkweli linasambaa humo bila kulipia tangazo.

Hifadhi somo hili, na mtumie mwenzako anayeuza spea.