SOMO LA MIFUGO: KUMWUGUZA NG'OMBE ALIYEPEWA DAWA YA USINGIZI

Mkulima mmoja jirani yangu alikuwa na ng'ombe wa gredi aliyekatwa chuchu na seng'enge. Daktari wa mifugo alimpa dawa ya usingizi, akashona kidonda vizuri, akaondoka. Mwenyewe alipoona ng'ombe amelala ubavu, ulimi nje, alimhurumia, akamtilia maji kinywani kwa chupa. Maji yaliingia mapafuni. Siku ya tatu ng'ombe akafa, na deni la kumnunua lilikuwa halijalipwa. Kidonda hakikuwa na ubaya wowote.

Basi, wakulima wenzangu, tujifunze. Tumbo la kwanza la ng'ombe ni kubwa sana, na majani yaliyomo hufanya hewa wakati wote. Akiwa macho huitoa hewa hiyo kwa kinywa. Tena hutoa mate lita 100 au zaidi kwa siku, naye huyameza. Akiwa usingizini hawezi kufanya hayo sawasawa. Akilala ubavu, hewa hujaa na kubana mapafu, na majani hurudi kooni. Kwa hiyo fuata mambo haya:

1. Kabla daktari hajaanza, mwambie kama ng'ombe ana mimba. Kabla hajaondoka, mwulize: "Ataamka saa ngapi?"

2. Mlaze juu ya kidari, miguu imekunjwa. Mwegemeze kwa magunia yaliyojazwa nyasi, kushoto na kulia. Kama bado yuko ubavuni, weka gunia chini ya shingo ili kinywa kielekee chini na mate yamwagike nje.

3. Usimtie kitu chochote kinywani, wala maji, wala uji, wala dawa.

4. Mweke kivulini, macho yasipigwe na jua wala kuingia mchanga. Kukiwa na baridi, mfunike magunia makavu.

5. Usimfunge kamba shingoni. Watoto, mbwa na ng'ombe wengine wakae mbali. Usimpige ili asimame.

6. Akikawia kuinuka, mgeuze kila baada ya saa mbili, uzito usilalie paja moja tu.

7. Akisimama imara, mpe maji kidogo. Akimeza vizuri, mpe majani kidogo. Chakula cha unga kingoje.

Mtu mmoja akae naye mpaka asimame. Ubavu wa kushoto ukivimba kama ngoma, mwinue kifua akae juu ya kidari, kisha mwite daktari upesi. Mwite pia kama anapumua kwa shida, ufizi umegeuka rangi ya buluu, au saa uliyoambiwa imepita naye hajaamka.

Maziwa yake usiyauze wala usiyanywe mpaka zitimie siku alizotaja daktari.

Na usijaribu kumchoma sindano hiyo wewe mwenyewe. Dawa iitwayo zailazini, itumiwayo sana, humlaza ng'ombe kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi tu ya kile apewacho farasi. Kosa dogo huua.

Maswali ya kujibu nyumbani:
(a) Kwa nini ng'ombe asilale ubavu?
(b) Apewe maji lini?
(c) Katika boma lako, ni nani atakayekaa naye?

Swali la tatu lijibiwe kabla daktari hajafika.