Bega Linalouma: Usiufunge Mkono, Uzoeze kwa Kipimo

Somo letu la leo ni maumivu ya bega, yale yanayoanza polepole bila mtu kuanguka wala kupigwa. Tukizunguka bloku kwa bloku tunakutana na watu wengi wenye shida hii, na wengi wao hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna anayeufunga mkono kwa leso na kuuacha hivyo miezi, mpaka bega linaganda. Na kuna anayeendelea kubeba na kuinua kama kawaida, huku akingoja rufaa ya upasuaji. Wote wawili wanaweza kusaidiwa, na tiba yao kubwa haihitaji pesa. Tiba hiyo ni mazoezi.

Nani hupata shida hii?

Wazee wetu waliotoka Kismayo, Koyama, Chovai, Chula na Darakasi wanaijua kazi ya bega. Kuvuta nyavu, kupiga kasia, kupandisha tanga, kusukuma dau kwa pondo, zote ni kazi za mkono na bega. Hapa Kakuma hakuna bahari, lakini bega halijapumzika. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na mama huuinua mpaka kichwani. Kuna mizigo ya kuni, kuna kufyatua matofali ya udongo, kuna kuezeka mabati mikono ikiwa juu. Shida hii huwapata zaidi watu wa makamo na wazee, lakini kijana anayefanya kazi nzito ghafla, bila kuzoea, anaweza kuipata pia.

Ndani ya bega kuna nini?

Kichwa cha mfupa wa mkono ni duara kama mpira. Kinakaa kwenye kombe la mkono, mahali penye kina kifupi sana. Ndiyo maana mkono unaweza kuzunguka pande zote. Kinachokizuia kisitoke ni misuli midogo 4 iliyokizunguka. Misuli hiyo imeshikana na mfupa kwa kano. Juu ya kano hizo kuna ncha ya mfupa iliyojitokeza kama upenu wa nyumba, na katikati kuna kifuko chembamba chenye majimaji ya kulainisha.

Mwaka 1972 daktari wa Marekani, Charles Neer, aliandika kwamba mkono unapoinuliwa, kano hubanwa na mfupa ule wa juu. Kwa miaka mingi madaktari walifikiri kano inaliwa na mfupa kama kamba ya tanga inavyoliwa na kapi bovu. Kwa hiyo waliupunguza mfupa kwa upasuaji.

Siku hizi tunajua zaidi. Mara nyingi tatizo kubwa ni kano yenyewe: imezidiwa na kazi, au imedhoofika kwa kukosa kazi. Na kano si kamba. Kamba ikitumika inaisha. Kano ni kitu hai. Ikipewa kazi kwa kipimo, inajijenga na kupata nguvu.

Je, upasuaji si bora zaidi?

Wengi hutuuliza swali hili. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliohusisha watu 313 wenye maumivu ya namna hii. Kundi la kwanza walikatwa sehemu ya mfupa. Kundi la pili walitobolewa bega na kuangaliwa kwa kamera, lakini mfupa haukuguswa. Kundi la tatu hawakupasuliwa kabisa. Baada ya miezi 6, waliokatwa mfupa hawakuwa na nafuu kuliko wale walioangaliwa tu. Ambao hawakupasuliwa nao walipata nafuu, na tofauti yao na wenzao ilikuwa ndogo. Utafiti wa Finland wa mwaka huo huo ulionyesha pia kwamba kukata mfupa hakukuzidi kuangalia tu. Mwaka 2019 jopo la madaktari na wagonjwa lilishauri kwamba upasuaji huo usifanywe kwa maumivu ya aina hii.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiuze kitu cha nyumba yako kutafuta nauli ya upasuaji huu. Hukukosa tiba kubwa waliyopata wengine.

Utaijuaje shida hii?

- Maumivu yako upande wa nje wa bega na sehemu ya juu ya mkono.
- Yanazidi ukiinua mkono kwa upande, hasa ukikaribia usawa wa bega.
- Kuchana nywele, kufunga nguo kwa nyuma au kutundika kitu juu ni taabu.
- Usiku huwezi kulalia upande huo.

Jipime hivi. Mwambie mtu wa nyumbani akuinulie mkono polepole, wewe ukiwa umeulegeza. Ukienda juu zaidi kuliko unapouinua mwenyewe, huenda ni shida hii. Ukikataa kwenda hata kwa msaada, huenda bega limeganda. Hilo huwapata zaidi wenye ugonjwa wa sukari. Nenda kituo cha afya uangaliwe.

Usingoje, nenda kituo cha afya haraka ikiwa:

- Umeanguka na mkono hauinuki, au bega limebadilika umbo.
- Bega limevimba, lina joto, na una homa.
- Mkono umekufa ganzi au umepoteza nguvu.
- Umekonda, unatoka jasho usiku, una kikohozi kirefu, au kuna uvimbe.
- Maumivu yamekuja pamoja na kifua kubana, jasho jingi au kukosa pumzi. Hii yaweza kuwa shida ya moyo, usikae hata kidogo.

Mazoezi

Fikiria maumivu kwa namba: 0 ni hakuna, 10 ni yasiyovumilika. Ukifanya mazoezi, maumivu yakifika 3 au 4 si hatari, mradi yawe yametulia kufikia asubuhi ya pili. Yakizidi hapo, usiache. Punguza idadi.

1. Kubembea. Inama, shika meza au ukuta kwa mkono mzima. Acha mkono unaouma uning'inie, uubembeze taratibu mbele na nyuma kwa dakika 1. Fanya asubuhi na jioni.

2. Fimbo. Lala chali, shika fimbo kwa mikono miwili. Mkono mzima uusaidie mgonjwa kwenda juu kuelekea kichwani, kisha rudisha. Mara 10, asubuhi na jioni.

3. Kupanda ukuta. Simama ukiuelekea ukuta. Tembeza vidole juu mpaka unapoweza, teremka polepole. Mara 10. Weka alama ya mkaa ulipofika, ili wiki ijayo ujue kama umepanda.

4. Mpira wa baiskeli. Kata ukanda wa tyubu kuukuu, ufunge kwenye nguzo kwa usawa wa kiwiko. Simama nguzo ikiwa upande wa mkono mzima. Kunja kiwiko cha mkono mgonjwa kama herufi L na ukibane ubavuni. Vuta mpira kwenda nje, rudisha polepole. Mara 10, pumzika, rudia mpaka mizunguko 3.

5. Kuvuta kama nyavu. Elekea nguzo, shika mpira kwa mikono miwili, vuta viwiko nyuma mpaka makombe ya mikono yakaribiane. Mara 10, mizunguko 3.

Zoezi la 4 na la 5 fanya siku moja, siku ya pili pumzika, maana kano hujijenga wakati wa kupumzika. Likiwa rahisi, fupisha mpira ili uwe mzito zaidi. Endelea kwa wiki 12. Wengi huacha wiki ya pili wakisema haisaidii. Kano hupona taratibu, na nafuu ya kweli huenda ikaonekana baada ya wiki 6 hivi.

Mambo mengine ya kusaidia

- Jaza mtungi nusu, nenda mara mbili. Ushike karibu na mwili, na wengine nyumbani wasaidie kuuinua.
- Vitu vya kila siku viweke usawa wa kiuno.
- Ukilala, weka leso iliyokunjwa chini ya mkono unaouma.
- Paracetamol husaidia. Ibuprofen usitumie bila kuuliza kituoni, hasa ukiwa mjamzito, au una vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo.
- Sindano ya bega inaweza kutuliza kwa wiki kadhaa, lakini haichukui nafasi ya mazoezi.
- Kusuguliwa kwa mafuta taratibu si vibaya. Kuvutwa kwa nguvu na kuchomwa kwa chuma cha moto kuepukwe. Moto huacha kidonda juu ya ngozi, na kano iliyo ndani haiponi kwa hilo.

Ukimaliza wiki 12 na hujaona nafuu yoyote, rudi kituoni umwone mtaalamu wa fiziotherapia au mganga akuchunguze upya.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Kano ina tofauti gani na kamba?
2. Ni dalili zipi zinazotaka tuende kituoni haraka?
3. Katika nyumba yetu, nani anabeba maji kila siku, na nani anaweza kumpokea?

Swali la tatu ndilo la kuanza nalo leo. Mama akipunguziwa mtungi mmoja tu, bega lake litapata nafasi ya kupona.