Nta, Koti la Shaba na Poda ya Kijivu: Vidokezo kwa Mpenda Bunduki za Kale

Kapteni Lugard, Mwingereza, alijenga ngome yake kwenye kilima cha Old Kampala Desemba 1890, pale ulipo sasa Msikiti wa Kitaifa. Ukipandisha wageni huko wataulizia bunduki za enzi zile. Waanzishie kwenye risasi, na hasa kwenye kile ilichopakwa au kuvikwa.

1. Anza na bunduki za Snider. Ndizo Lugard alizowagawia Waprotestanti wa Buganda kabla ya vita vyao na Wakatoliki huko Mengo, Januari 1892. Risasi yake ilikuwa kipande kinene cha madini laini, karibu milimita 15, kikitoka kwa kasi ya mita 380 hivi kwa sekunde. Kiunoni ilichongwa mifereji iliyojazwa nta ya nyuki. Bila nta, madini hubaki yameganda ndani ya mtutu, masizi ya baruti nayo hushika juu yake, na shabaha huanza kupotea. Nta haikuongeza kasi hata kidogo. Iliulinda mtutu usizibe.

2. Usilipe koti la shaba sifa isiyo yake. Madini laini yakisukumwa kwa nguvu mno huchunwa na michirizi ya mtutu badala ya kuzunguka nayo. Mswisi Eduard Rubin aliivika risasi koti la shaba mnamo 1882, na Wafaransa wakatumia risasi yenye koti la metali kwenye bunduki yao ya Lebel ya 1886, wakiitia baruti isiyo na moshi. Kasi ilitoka kwenye baruti. Koti liliiwezesha risasi kuihimili.

3. Kinachoula mtutu ni moto. Bunduki ya Lee-Metford ya Waingereza ilikuwa na michirizi ya kina kidogo, na gesi ya kordaiti, baruti yao isiyo na moshi, ikaila upesi. Kufikia 1895 wakahamia mtutu wa Enfield, wenye michirizi ya kina zaidi.

4. Na poda ya kijivu ya molibdenamu inayopakwa kwenye risasi siku hizi? Kwa baruti ile ile, kasi hushuka kidogo, maana msuguano ukipungua na shinikizo hupungua. Mtutu hukaa safi kwa milio mingi zaidi, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini anayekuahidi mtutu utakaodumu maradufu, mwulize joto la gesi atalizuia na nini.

5. Poda hiyo hunasa unyevu, na hewa ya Kampala haikauki. Mtutu uliopitiwa na risasi zenye poda usilazwe mchafu: usafishwe, ukaushwe, upakwe mafuta jioni ile ile.