Chembe Isiyo na Macho Ijuayo Rangi za Nuru

Chupa ya maji yenye ujani ikiwekwa karibu na dirisha, pengine huonekana jambo la kustaajabisha. Ujani ule haukai sawasawa katika maji, bali hukusanyika upande mmoja, nao ni upande uelekeao dirisha. Chupa ikigeuzwa, baada ya muda ujani huhama na kurudi penye nuru. Hakuna mkono uliousukuma. Ni viumbe vidogo sana vilivyoogelea vyenyewe.

1. Kiumbe hiki ni nini?

Ni mwani wa chembe moja. Mwani wa namna hii ni wa aina nyingi. Mmoja uliochunguzwa sana huitwa Klamidomonasi, nao huishi katika vidimbwi na katika udongo wenye unyevu. Chembe zake 100 hivi zikipangwa mstari mmoja, hujaza milimeta 1 tu. Hauna kichwa, wala mishipa, wala ubongo. Una mijeledi 2 ya kuogelea, ipigayo maji mara 50 hivi kila sekunde; na ubavuni una alama yenye rangi ya chungwa, iitwayo doa la jicho.

2. Kwa nini wahitaji kuijua nuru?

Kwa sababu nuru ni uzima wake na pia ni hatari yake. Kwa nuru hujitengenezea chakula, kama lifanyavyo jani la muhogo. Gizani hupungukiwa, penye jua kali mno hudhurika. Kwa hiyo huikaribia nuru ya kiasi, na iliyo kali huikimbia.

3. Waitambuaje nuru bila macho?

Juu ya doa, katika ngozi ya chembe, imo milango midogo ya protini iitwayo kanelirodopsini. Nuru ikiigusa, hufunguka, na vijipande vya madini vyenye umeme huingia ndani. Ndipo mijeledi hubadili mapigo yake, na mwani hugeuka.

Mwani huogelea huku ukijizungusha mara 2 hivi kila sekunde. Hivyo doa hupita nuruni, kisha kivulini, kisha nuruni tena. Mtu aliyefungwa kitambaa machoni akizunguka karibu na moto, shavu lake lipatapo joto ajua moto uko upande gani. Na mwani nao ni vivyo hivyo. Doa lenyewe ni ngao na kioo: huizuia nuru itokayo nyuma kupitia mwilini, na ile itokayo mbele huirudisha kwenye milango.

Mwaka 2016 wataalamu wa Japani walionyesha hasara ya kukosa ngao hiyo. Chembe zisizo na rangi ya doa zilikwenda kinyume cha wenzake. Mwili wake uliikusanya nuru ya nyuma kama lenzi, na milango ikadanganyika.

4. Kila rangi ina kazi gani?

Nuru ya jua ni rangi nyingi zilizochanganyika, kama upinde wa mvua uonyeshavyo. Mwani hauzipokei zote kwa njia moja.

Rangi ya samawati, na ile iliyo kati ya samawati na kijani, huuongoza, kwa kuwa ndizo zifunguazo milango vizuri. Nyekundu huulisha, kwa maana klorofili huipokea, lakini haiuonyeshi njia: penye nyekundu peke yake mwani hula pasipo kujua pa kwenda. Tena samawati ina kazi ya pili. Hupokewa na protini nyingine, fototropini, nayo huiamuru chembe ijitayarishie kinga mapema dhidi ya jua kali.

5. Wanadamu wamepata faida gani?

Milango hiyo ya mwani ilielezwa na wataalamu mwaka 2002 na 2003. Mwaka 2005 ilionekana kwamba ikitiwa katika chembe ya neva, neva nayo huitii nuru.

Mwaka 2021 ikatangazwa habari ya mtu wa miaka 58 nchini Ufaransa, aliyepofuka kwa ugonjwa ulioharibu chembe zipokeazo nuru machoni. Jicho lake moja lilitiwa maagizo ya urithi ya kutengeneza mlango uliotokana na mwani ulio ndugu wa ule wa kwanza. Mlango huo hufunguliwa na nuru yenye rangi ya asali, isiyoliumiza jicho kama samawati kali. Baada ya mazoezi ya miezi mingi, akivaa miwani maalum itoayo nuru hiyo, aliweza kutambua kitu kilichowekwa mezani, kukinyoshea mkono na kukigusa. Bila miwani hakuweza. Hakurudishiwa macho ya zamani. Lakini aliyekuwa gizani alijua tena kitu kiko wapi.

Basi mtu asidhani kwamba maji ya kidimbwi ni dawa. Kuyatia machoni hakuponyi, bali kwaweza kuleta ugonjwa. Kazi ile ilifanywa na waganga wenye elimu, hatua kwa hatua, kwa miaka mingi.

Maulizo

1. Mwani hufanya nini penye nuru ya kiasi, na penye nuru kali?
2. Doa la jicho lina kazi gani mbili?
3. Ni rangi gani huuongoza mwani, na ni ipi huulisha bila kuuongoza?
4. Kwa nini kipofu yule alihitaji miwani yenye nuru ya rangi ya asali?